Kabla ya kumpima mtoto, pimeni darasa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno na walimu wakuu, walimu wa madarasa na kamati za shule za msingi za hapa Arusha na za jirani zetu wa Moshi. Sisi ni walimu wa elimu maalumu. Kila Januari shule zikifunguliwa, barua za kuwaita wazazi huanza kutoka kabla hata madaftari hayajapigwa kava: mtoto wako hatulii, mtoto wako ana mapepe, mtoto wako anasumbua wenzake. Mzazi akifika anaambiwa akampime mtoto hospitali. Hatupingi kupima. Tunachosema ni kwamba chumba anachokaa mtoto huyo kuanzia asubuhi hadi mchana kipimwe kwanza, maana hakihitaji nauli wala rufaa, na mara nyingi ndicho kinachoamua kama mzigo wake utakuwa wa kilo tano au wa kilo hamsini.

Hali tunayoizungumzia ni ile ambayo madaktari huiita ADHD: upungufu wa umakini, kutotulia, na kutenda kabla ya kufikiri. Haitokani na malezi mabaya, wala laana ya ukoo, wala sukari nyingi kwenye chai. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na inahusu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshika breki na kupanga kazi, pamoja na kemikali kama dopamini zinazopeleka taarifa humo. Makadirio yanayotumika sana duniani ni kama mtoto 1 katika kila 20. Darasa la watoto 45, idadi ambayo serikali imeiweka kuwa kiwango, litakuwa na wawili hivi. La watoto 90, ambalo kwa shule zetu za mjini halimshangazi mtu, litakuwa na wanne au watano. Si jambo la nadra la kumwachia mtaalamu wa mbali.

Shule haisababishi hali hii. Inachofanya ni kuikuza au kuipunguza, na inafanya hivyo kwa vitu ambavyo mwalimu huvigusa kila siku bila kuvitazama.

Tuanze na dawati. Dawati letu la kawaida hukaliwa na watatu, na mtoto asiyetulia utamkuta ama katikati, amebanwa na wawili, au nyuma kabisa ya darasa, alikohamishiwa ili wengine wasome. Katikati, kila akijigeuza anamgusa mtu, na kila akimgusa mtu anashtakiwa. Nyuma ni kubaya zaidi: kati yake na mwalimu kuna vichwa 80 vinavyosogea, na yeye ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote ya kuchuja kipi akitazame na kipi akiache. Mahali pake ni safu ya kwanza au ya pili, mwisho wa dawati upande wa njia anayopita mwalimu, mbali na mlango, na dirisha liwe nyuma ya bega lake, lisiwe mbele ya macho. Jirani yake awe mtoto mtulivu, lakini asiwe kiranja. Kiranja hugeuka polisi. Sisi safu ya pili tunaipendelea kuliko ya kwanza. Wa safu ya kwanza hugeuka nyuma kila sauti inapotokea, ilhali wa safu ya pili ana wa kumwiga: akisahau wameambiwa nini, anaona mwenzake wa mbele ametoa daftari gani.

Kisha itazameni miguu yake. Mtoto wa darasa la pili aliyepewa dawati la darasa la sita miguu inaning'inia, na miguu inayoning'inia haitulii hata kwa mtu mzima. Matofali mawili au kipande cha ubao chini ya nyayo vinatosha. Kinachosaidia zaidi ni tyubu kuukuu ya baiskeli: kata kipande, kifunge kwenye miguu miwili ya mbele ya dawati kama sentimita 15 kutoka sakafuni, kikiwa kimevutika sawasawa. Mtoto atakisukuma kwa nyayo huku akiandika, bila kelele na bila kuinuka. Kikilegea kitamtega anaposimama kujibu swali. Na siku mbili tatu za kwanza dawati zima litakichezea. Hapo ndipo walimu wengi hukikata wakasema hakifai. Kiacheni wiki nzima. Fungeni na kwenye madawati mengine matatu manne, kisiwe alama ya mtoto mmoja.

Kelele nayo ina lake. Madarasa mengi hayana dari: juu bati, chini saruji, kuta tupu, na sauti inarudi mara tatu kabla ya kufa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikipiga juu ya bati mwalimu hupaza sauti, watoto nao hupaza, na mwenye ADHD ndiye wa kwanza kuachia kamba. Msishindane na mvua. Wekeni kabatini kazi za siku ya mvua, za kuandika na kuchora, maelekezo yaandikwe ubaoni, na mwalimu azunguke akisema na mmoja mmoja sikioni. Shule iliyo kando ya barabara au karibu na fundi wa kuchomelea haiwezi kuhama, ila inaweza kupanga ratiba: kusoma na Hisabati vipindi vya kwanza, michezo na sanaa baadaye mtaa unapochangamka. Walio karibu na soko la Tengeru wanajua Jumatano, siku ya gulio, ilivyo. Hiyo si siku ya kutoa jaribio saa tano.

Ukuta wa mbele uacheni mtupu. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilichapisha mwaka 2014 utafiti wa watoto wa chekechea, watoto wa kawaida kabisa, uliokuta kwamba katika chumba kilichopambwa sana walipoteza umakini zaidi na wakajifunza kidogo kuliko katika chumba kilekile kikiwa hakina mapambo. Kama ni hivyo kwa watoto wa kawaida, fikirieni huyu wetu. Michoro ya mfumo wa chakula, ramani na majedwali vihamishieni ukuta wa nyuma. Mbele ubaki ubao na kile kinachofundishwa siku hiyo.

Lakini tukiambiwa tubadili kitu kimoja tu, tutachagua kunakili kutoka ubaoni. Katika kipindi cha dakika 40 si ajabu dakika 20 zikaishia hapo. Itazameni kazi yenyewe: mtoto anainua macho, anatafuta mstari alipoishia, anabeba maneno kichwani, anashusha macho, anatafuta mahali daftarini, anaandika. Uwezo wa kushika kitu kichwani huku unakitumia ndio ulio dhaifu kwa wengi wa watoto hawa. Mwenzake akibeba maneno matano kwa safari moja, yeye anabeba moja au mawili. Safari zake ni nyingi mara mbili na nusu hadi mara tano, na kila safari ni nafasi ya kupotea njiani: nzi amepita, mtu amekohoa, basi. Hajafika katikati ubao umefutwa. Daftari lake linabaki na sentensi kumi zisizo na mwisho, na juu yake neno moja la wino mwekundu: mzembe. Akienda kusoma nyumbani, hana cha kusoma.

Dawa zake ni za chaki. Chora mistari miwili ya wima, ubao uwe na sehemu tatu. Anza kushoto, na usifute sehemu ya kwanza mpaka ya tatu ijae. Weka namba mwanzoni mwa kila mstari, jicho lipate pa kurudia. Akiwa bado yuko nyuma, mwekee mezani daftari la jirani aliyemaliza, kwa sababu kunakili kutoka kwenye kitu kilicholala kando ya daftari lako ni safari fupi kuliko kupanda hadi ubaoni. Kipande cha manila cha upana wa vidole vitatu, cha kufunika mistari asiyoifikia, kinasaidia katika kitabu vilevile. Na kama swali ni kujua iwapo ameelewa kutoa kwa kukopa, maswali matano kati ya kumi yanatosha kulijibu. Hapa ndipo hutajwa neno upendeleo. Mtoto asiyeona vizuri akisogezwa mbele hakuna anayenung'unika, na huyu naye anasogezewa kazi kwa namna hiyohiyo. Ila angalizo: apunguziwe wingi, asipunguziwe ugumu. Mwalimu anayempa maswali ya darasa la kwanza mtoto wa darasa la tatu ili atulie, anamnyima masomo kwa upole.

Maelekezo nayo tuyahesabu. "Toeni madaftari ya Hisabati, fungueni kitabu ukurasa wa 34, fanyeni swali la kwanza hadi la kumi, msisahau tarehe, ukimaliza lete mezani." Hayo ni matano, yametoka kwa pumzi moja, na mtoto wetu amebaki na la kwanza na la mwisho. Ndiyo maana anakuja mezani na daftari tupu, darasa likacheka. Toa moja, subiri litendeke, toa la pili. Matatu ya mwisho yaandike kona ya ubao kwa namba. Kabla ya kusema naye, nenda karibu, gusa dawati lake, taja jina, kisha mwambie akurudishie ulichosema kwa maneno yake. Kumpigia kelele ya "wewe!" kutoka upande wa pili wa chumba hugeuza shingo 80, na hadhira hiyo ndiyo anayoipenda.

Darasa la kwanza na la pili kipindi ni dakika 30, la tatu kuendelea dakika 40. Hakuna mtoto wa namna hii atakayekaa dakika zote hizo, na kumlazimisha kukaa humchosha kuliko hesabu zenyewe. Kata kipindi kila baada ya dakika 10 au 12: simameni, nyoosheni mikono, imbeni ubeti mmoja, kaeni. Dakika moja tu, darasa zima. Yeye mpe kazi yenye miguu, kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka chaki darasa la jirani, lakini isizidi mara moja au mbili kwa kipindi. Tumeona mtoto akigeuzwa tarishi wa shule, akijua ofisi zote na hajui jedwali la tatu.

Na mchakamchaka urudi pale ulipoachwa. Dakika 15 za kukimbia kabla ya kipindi cha kwanza humweka sawa mtoto huyu kwa muda baada ya hapo, na shule nzima inafaidi. Kinyume chake ndicho tunachokiona: mtoto mwenye ADHD amechelewa, kwa kuwa kuchelewa ni sehemu ya hali yake, anapigishwa magoti getini wenzake wakikimbia. Saa nne hajamaliza kunakili, ananyimwa mapumziko. Yaani anayehitaji kukimbia kuliko wote ndiye pekee ambaye siku nzima hajakimbia, halafu mwalimu wa kipindi cha sita anashangaa.

Kuhusu fimbo tusizunguke. Waraka wa Elimu namba 24 wa mwaka 2002 unasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Wangapi wanakifungua kitabu hicho? Lakini hata tukiuweka waraka pembeni, kwa mtoto huyu fimbo haifanyi kazi inayokusudiwa. Tabia yake inaongozwa na kinachotokea sasa hivi. Adhabu ya mstarini Jumatatu kwa kosa la Ijumaa haina uzi unaoiunganisha na kosa. Amechapwa kwa kusahau daftari, na kesho amelisahau tena, mwalimu akasoma kiburi mahali palipo na usahaulifu. Kinachoongezeka ni hofu na utoro.

Badala yake kuna kadi ya siku, na hii tunaomba isomwe polepole, kwa sababu ikikosewa hugeuka fimbo ya karatasi. Kwanza, siku tano mfululizo, mwalimu asibadili kitu. Achore vijiti tu kwenye karatasi kila mtoto anapoinuka bila ruhusa, na kila anaporopoka jibu. Tuseme wastani ni mara tisa kwa kipindi. Lengo la wiki ya kwanza liwe mara sita, lisiwe sifuri. Lengo ambalo atalifikia siku nne kati ya tano ndilo linalomvuta. La kushindwa kila siku hulitupa siku ya pili. Kadi iwe na malengo mawili au matatu, yanayohesabika: ameinuka si zaidi ya mara sita, amemaliza angalau maswali matano, amenyoosha mkono kabla ya kujibu. "Awe na adabu", "aache utundu", hayo hayahesabiki. Mwalimu aweke alama mwisho wa kila kipindi, palepale, kwa sekunde kumi, na aseme kilichofanikiwa kabla ya kilichoshindikana. Jioni mzazi aione kadi, na mtoto apate kitu kidogo siku hiyohiyo: nusu saa ya mpira, kuchagua mboga ya kesho, kukaa na babu. Baiskeli ya mwisho wa mwaka haina nguvu hata kidogo, kwa mtoto huyu Desemba haipo. Kila lengo likishikika kwa wiki mbili, punguza: sita iwe tano, tano iwe nne.

Inapoharibika huharibika kwa njia tatu. Mzazi anaifanya ushahidi na kuchapa kwa alama zilizokosekana. Mkutano wa kwanza umweleze wazi kwamba alama iliyokosekana haina adhabu. Mwalimu anaijaza siku nzima kwa mkupuo saa nane, kwa kubahatisha. Au malengo yanakuwa kumi. Kwa darasa la 90 tunajua kadi nne ni kazi. Anzeni na mtoto mmoja.

Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zina watoto wachache kwa chumba, na wengi wetu hudhani humo mambo ni mepesi. Zina tatizo lao: siku ndefu. Basi la shule likianza kuzunguka Njiro na Sakina saa kumi na moja alfajiri, mtoto ameamshwa saa kumi na nusu. Akiwa amelala saa nne usiku kwa ajili ya kazi za nyumbani, amepata saa sita na nusu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Aliyekosa usingizi hazubai kama mtu mzima, yeye huchangamka kupita kiasi, hukasirika, hupoteza vitu. Ukimtazama, ni ADHD tupu. Na mwenye ADHD kweli akikosa usingizi, mambo huwa mara mbili. Kupanga upya njia ya basi ni tiba, ingawa mhasibu hataiita hivyo.

Hapo ndipo tunarudi kwenye kupima. Vigezo vya mwaka 2013 vya chama cha madaktari wa akili cha Marekani, vinavyotumika sana, vinataka mtoto awe na angalau dalili sita kati ya tisa za kukosa umakini, au sita kati ya tisa za kutotulia na kukurupuka, kwa miezi sita au zaidi, baadhi zikiwa zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Kigezo hicho cha mwisho mwalimu anaweza kukitumia bila kuwa daktari. Akisumbua shuleni tu na nyumbani ametulia, itazameni shule. Akisumbua kipindi kimoja tu, kitazameni kipindi. Angalieni masikio na macho. Angalieni kama amekula, maana uji wa saa nne umefika wakati wake wa njaa umepita. Angalieni lugha: aliyetoka boma la Monduli akiongea Kimaasai, akawekwa darasa la Kiswahili, au wa Kiswahili akawekwa la Kiingereza, atatazama dirishani kwa sababu hakuna anachoelewa. Anayeganda sekunde kadhaa macho wazi, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda ni kifafa; huyo apelekwe hospitali haraka. Angalieni na umri: tafiti za nchi mbalimbali zimekuta watoto wadogo kuliko wote darasani ndio wanaobandikwa jina la ADHD zaidi, kwa sababu tu hawajakomaa kama wenzao waliowazidi miezi kumi.

Na msiwasahau wasichana. Yupo anayekaa kimya, anaandika mpaka nusu, anawaza mbali, hasumbui mtu. Hakuna barua inayotoka kwa ajili yake. Huyo hugunduliwa kwa matokeo mabaya ya darasa la nne, wakati zile dawa za chaki na daftari la jirani vingemfaa tangu la kwanza.

Dawa za hospitali zipo na huwasaidia watoto wengi. Ni uamuzi wa daktari na mzazi, na mwalimu hana haki ya kuzifanya sharti la mtoto kubaki shuleni. Mwalimu akiandika rufaa, iwe kwa hospitali ya Mount Meru, Mawenzi au KCMC, aambatishe ile karatasi ya vijiti ya siku tano na maelezo ya alichobadilisha darasani na kilichotokea. Daktari ana dakika chache na mtoto aliyetulia kwa kuwa yuko mahali pageni; karatasi hiyo itamwambia zaidi ya anachokiona.

Walimu wakuu, Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kiko hapahapa Tengeru, safari ya daladala moja kutoka mjini. Afisa wa elimu maalumu wa halmashauri naye yupo. Waulizeni kabla ya kuandika barua ya kumhamisha mtoto.

La mwisho linahusu Desemba. Mwalimu wa darasa la pili akishajua kwamba mtoto fulani hukaa safu ya pili mwisho wa dawati, ana tyubu, hunakili kutoka daftari la jirani, na lengo lake limefika mara tatu kwa kipindi, ujuzi huo huondoka naye likizo. Januari mwalimu wa la tatu anampokea mgeni na kumpeleka nyuma. Andikeni ukurasa mmoja: anakaa wapi, nini kilifanya kazi, nini kilishindikana, kadi ilikuwa na malengo gani, mzazi anapatikana vipi. Usitaje makosa yake ya mwaka mzima. Ubandikwe ndani ya jalada la mahudhurio la darasa jipya kabla shule hazijafungwa.

Walimu wa elimu maalumu,
Tengeru, Arusha